Tiki na X havimfundishi mwanafunzi kemia

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na walimu wenzangu wa sayansi wa sekondari, pamoja na wakuu wa shule wanaokagua kazi zetu. Nafundisha kemia, na linaloniuma ni namna tunavyowarudishia wanafunzi madaftari.

Chukua mlinganyo wa haidrojeni na oksijeni kutoa maji: H₂ + O₂ → H₂O, kabla ya kusawazishwa. Mwanafunzi anaona atomi mbili za oksijeni kushoto, moja kulia, basi anageuza H₂O kuwa H₂O₂. Hesabu imekaa sawa, hivyo kwake jibu ni sahihi kabisa. Akikuta X na maneno "ongeza bidii", aongeze bidii ya nini? Wiki ijayo, kwa magnesiamu inayoungua, ataandika MgO₂ badala ya MgO, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba amebadili kitu chenyewe: H₂O₂ si maji, ni haidrojeni peroksaidi. Mistari miwili ingetosha: "Usiguse namba ndogo ndani ya fomula. Weka namba mbele ya fomula, kisha hesabu atomi upya."

Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alionyesha kuwa wanafunzi waliopewa maoni bila alama walifanya vizuri zaidi baadaye kuliko waliopewa alama. Waliopewa vyote viwili hawakuwazidi wale wa alama tupu! Halinishangazi. Darasani kwangu, namba ikiwepo, macho huenda kwenye namba, kisha kwa jirani, na daftari linafungwa. Nao watafiti Kluger na DeNisi, walipokusanya tafiti nyingi mwaka 1996, walikuta zaidi ya theluthi moja ya mirejesho, yaani maoni anayopewa mtu kuhusu kazi aliyoifanya, ilishusha ufanisi, hasa ile inayomgusa mtu badala ya kazi yake. "Una akili" na "mvivu wewe" zote ni za aina hiyo.

Najua madaftari ni mengi na vipindi vimebana. Mimi huchagua swali moja lililobeba somo, naandika maoni hapo tu, na kipindi kinachofuata huanza kwa wanafunzi kulirudia swali hilo wenyewe. Bila kurudia, maoni yangu ni wino tu.

Ndiyo maana nawaomba wakuu wa shule: mnapokagua, msihesabu tiki. Tafuteni swali lililokosewa, kisha fungueni kurasa zinazofuata mwone kama mwanafunzi amelifanya tena.

Mwalimu wa kemia, sekondari