Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: "Ipo kwenye mfumo" si tangazo

Mheshimiwa Waziri,

Salaam, na pole kwa majukumu. Mimi ni mtengeneza sabuni ya maji hapa Kihonda, Morogoro. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua zangu za kawaida zilipokelewa vizuri, zikagongwa mhuri, zikalala.

Wiki iliyopita maafisa wa taasisi moja ya serikali, ambayo sitaitaja, waliingia kwenye karakana yangu wakafunga kwa utepe pipa la salfoniki na ndoo za kostiki, kemikali ninazotengenezea sabuni. Cheti changu cha usajili kiko ukutani na hakijaisha muda. Nikaambiwa masharti yamebadilika, cheti hicho peke yake siku hizi hakitoshi. Yamebadilika lini? "Ipo kwenye mfumo, mama." Nilipoufungua huo mfumo ulinidai nywila, kisha ukagoma. Lakini kumbukumbu namba ya malipo ya faini iliingia kwenye simu yangu hata gari lao halijawashwa. Hapo mtandao haukusumbua kabisa.

Sipingi kudhibitiwa. Kostiki najua inavyoifanya ngozi, na kijana yeyote anayekuja kujifunza kwangu anaanza na hilo: kostiki inawekwa kwenye maji, maji hayamwagwi juu ya kostiki. Glavu, miwani, milango wazi. Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, Na. 3 ya 2003, ilitungwa ili tusiumie wala tusiumize wengine, na naiheshimu. Ila shuka sokoni siku moja, Mheshimiwa, bila msafara, uone kostiki inavyouzwa kwa kupimwa na kijiko, ikatiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila jina wala alama ya hatari. Mtoto akiikuta je? Muuzaji yule hana kibao, kwa hiyo hana cha kufungiwa. Mwenye kibao mlangoni ndiye rahisi kupatikana. Huenda maafisa wanapangiwa kiwango cha makusanyo kwa mwezi. Ushahidi sina, lakini ndivyo tunavyodhani huku mtaani, na hakuna aliyekuja kutuambia vingine.

Karatasi ya taarifa za usalama tunayodaiwa kwa kila kemikali ina vipengele 16. Yangu ni ya Kiingereza, maandishi kama siafu. Nilimlipa mwanafunzi wa chuo anisomee. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria za nchi hii, tukapiga makofi. Au kemikali zilisamehewa? Na ule Mpango wa Kuboresha Mazingira ya Biashara, MKUMBI, ulioanza kutekelezwa 2019 kwa ahadi ya kupunguza tozo na majukumu yanayogongana, basi lake liliharibikia Chalinze? Maana kwangu wanapita watu wa viwango, wa usalama kazini, wa mazingira, wa kemikali, wa zimamoto na wa halmashauri, kila mmoja na fomu yake, kila mmoja akishangaa kusikia mwenzake alishapita.

Sasa hivi vijana wangu wamekaa. Shule moja ilishalipa nusu ya fedha na inadai madumu yake. Marejesho ya kikoba hayajui habari za mfumo.

Ombi langu ni moja, Mheshimiwa. Sharti likibadilika, tuambiwe kwa Kiswahili kabla ya kufungiwa, si siku ya kufungiwa. Redioni, kwenye mbao za matangazo za kata, popote. Tupewe muda wa kujipanga, hata miezi mitatu. Hata mmoja. Namba yangu ya simu mnayo, ndiyo mliyoitumia kuniletea faini. Itumieni na kuniletea sharti.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtengeneza sabuni, Kihonda, Morogoro

Nakala: Mkuu wa shule anayesubiri madumu.