Kwa Waamuzi Vijana: Mnarudi Nyuma Mnakwenda Wapi?

Wanangu wenye filimbi,

Nimetoka kutazama mechi ya vijana na hasira bado sijaimeza. Mwamuzi alitoa penalti, tena ya haki kabisa, na papo hapo kundi la wachezaji likamzunguka. Akarudi nyuma. Wakamfuata. Akazidi kurudi mpaka karibu na kibendera cha kona, mikono kifuani kama mtu anayeomba radhi. Kadi haikutoka hata moja. Baadaye kidogo kijana mpole akaubutua mpira nje baada ya filimbi, akalimwa njano. Waliokufukuza nusu ya uwanja umewasamehe, huyu ndiye uliyemwona?

Sheria ya 12 ya soka, ile ya makosa na utovu wa nidhamu, iko wazi. Kupinga uamuzi kwa maneno au kwa vitendo ni njano. Matusi, ya mdomo au ya ishara, ni nyekundu. Kazi yenu ni kupambanua uchungu na dharau. Mchezaji akiguna "Ah, refa!" huku anakimbilia nafasi yake, mwacheni, damu inachemka. Lakini anayetoka mbio katikati ya uwanja kuja kukupungia mikono usoni anacheza na jukwaa. Huyo mpe yake mapema. Njano ya dakika ya 10 inasikika kwa wachezaji wote 22. Ya dakika ya 85, baada ya kuvumilia kumi kama hiyo, wataiita kisasi, na sitawalaumu.

Wakija kwa kundi, mtafute aliyefika wa kwanza au mwenye makelele kuliko wote, umwonyeshe kadi yeye. Wengine watatawanyika wenyewe.

Na acheni kubishana! Mnajua kadi zilitoka wapi? Kombe la Dunia 1966, Uingereza na Argentina, uwanja wa Wembley. Mwamuzi Mjerumani, Rudolf Kreitlein, alimtoa nahodha wa Argentina, Antonio Rattín. Lugha haikupanda, Rattín akagoma kutoka, mechi ikasimama kwa dakika kadhaa. Ken Aston, aliyesimamia waamuzi wa mashindano yale, akapata wazo kutoka taa za barabarani, na Mexico 1970 kadi zikaanza kutumika. Zililetwa ili mwamuzi aeleweke bila kufungua mdomo. Sasa wewe umezibeba mfukoni, bado unamhutubia beki?

Nahodha mtumieni. Sheria haimpi upendeleo wowote, ila inambebesha dhamana ya mwenendo wa timu yake. Kwenye Euro 2024, kombe la mataifa ya Ulaya, UEFA, shirikisho la soka la huko, iliagiza nahodha pekee ndiye amsogelee mwamuzi kuuliza. Nahodha akiwa kipa, ateuliwe mwenzake asiye kipa. Mkizungumza naye, semeni kwa sauti ya chini, sentensi moja, kisha mwondoke.

Mengine mnayajua, mnayafumbia macho tu. Kujiangusha: njano. Kuchelewesha mpira kuanzishwa: njano. Kugoma kusogea mita 9.15 kutoka kwenye mpira wa adhabu: njano. Kuchora skrini hewani kudai VAR, yaani marudio ya video: njano. Kocha naye tangu 2019 anaonyeshwa kadi, kwa hiyo msijifanye hamsikii benchi.

Lakini nisiwaonee ninyi peke yenu. Mtoto anamsikia baba yake pembeni ya uwanja akimwita mwamuzi mwizi, mtangazaji anarudia, kiongozi wa klabu anamalizia mbele ya vipaza sauti. Desemba 2023 nchini Uturuki rais wa klabu aliingia uwanjani akampiga ngumi mwamuzi Halil Umut Meler, ligi ikasimamishwa. Watu wakashangaa. Walishangaa nini, na wao ndio hushangilia jukwaani kila mwamuzi anapotukanwa? Meler alirudi kazini, na kiangazi kilichofuata alikuwa Euro akipuliza filimbi. Moyo kama huo siwezi kuwadai wote. Mkiona usalama wenu uko hatarini, simamisheni mechi, sheria inawaruhusu.

Baada ya mechi andikeni ripoti usiku uleule. Tusi liandikwe kama lilivyotamkwa, msilipambe wala kulifunika kwa "lugha isiyofaa", maana kamati inayoketi mezani haikuwepo uwanjani, na neno hilo la jumla ndilo mlango ambao mtukanaji huponyokea.