Zawadi, yule chura hajafa bana

Mambo Zawadi, mzima wewe? Mama je? Najua nimekaa kimya sana, utanigombeza tukionana, saa hizi nina shida na Salim. Kaenda kuwaambia watu wote kwenye grupu eti nimeanza kuchanganyikiwa, kisa nilisema kuna chura anaganda barafu halafu baadae anaruka zake. Wewe ndo mtu wa hospitali, niokoe.

Chura mwenyewe yupo Kanada na Alaska huko, kadogo tu, anatosha kiganjani. Baridi ikija wala hachimbi shimo refu, anajilaza chini ya majani makavu, theluji inamfunika, barafu inamuingia hivi hivi anaiona. Kama 65% ya maji ya mwilini yanaganda, moyo unasimama, pumzi hakuna, ukimgonga mezani utadhani kokoto. Na watafiti wa chuo kikuu cha Alaska Fairbanks waliwafuatilia huko huko porini wakakuta wanakaa wameganda mpaka miezi 7, baridi imeshafika hasi 18, na wakaamka!

Sasa kinachoninyima usingizi ni sukari. Barafu ikianza tu kwenye ngozi, ini linamwaga glukosi kwenye damu, moyo unaisukuma haraka haraka iingie kwenye seli kabla haujazima, kwa hiyo barafu inabaki nje ya seli na ndani mna maji ya sukari ambayo hayagandi kirahisi. Tena na urea ile ya mkojo nayo anaibania humo humo mwilini, bahili kweli.

Salim eti tumtie chura yeyote kwenye friza tuone. Mwambie atatoa maiti, maana hata hao wa Alaska kabla ya baridi kali wanaganda usiku wanayeyuka mchana, siku nyingi tu, na kila wakiganda ini linaongeza sukari. Friza itampa masaa mangapi ya kujipanga? Halafu yeye Salim na hesabu zake za... basi, tuyaache.

Nijibu basi, sukari ya namna ile ikipanda kwa mgonjwa wako si anazimia? Mbona chura haimdhuru? Na figo za kupandikiza mnazitunza kwenye baridi bila kuzigandisha, ndo kwa sababu barafu itaingia ndani ya seli? Neema kashajifungua? Na ile hela yangu Salim kakupa au bado?