Barua ya wazi kwa Mheshimiwa unayesimamia maafa kwetu: macho yangu sio maabara

Mheshimiwa,

Asalaam aleykum. Jina lako silitaji na ofisi yako siitaji, wewe mwenyewe unajijua. Ni wewe uliyesimama uwani pale mochwari mwaka juzi, umeshika maiki, ukasema tumejifunza, hili halitajirudia, tunaunda timu ya kutambua maiti za ajali. Mimi nilikuwa chini ya mwarobaini, hatua chache tu kutoka ulipo, nimemshika mama yangu mkono, nikakusikia neno kwa neno. Nikasema sawa, kazi za serikali zina taratibu zake, tusubiri. Tumesubiri. Sasa Alhamisi iliyopita gari jingine limewaka huko njia ya Segera, na Ijumaa asubuhi napita na ndoo yangu ya samaki nakuta foleni ileile getini, watu wanaingizwa watatu watatu kuangalia maiti zilizoungua, wanaambiwa "angalieni kama wenu yupo". Ndoo niliitua nikakaa chini palepale barabarani, miguu haikunibeba.

Maana mimi nilishaingia kwenye chumba kile. Mdogo wangu alikuwa kwenye kosta, alikuwa anarudi nyumbani Tanga, gari likagongana na lori likashika moto. Tulipofika hospitali hakuna aliyetuuliza kitu zaidi ya jina. Nikaingizwa na shemeji yangu na binamu yetu mmoja, maiti zimelazwa chini kwenye maturubai, feni inazunguka, harufu ile mpaka leo nikichoma samaki inanirudia. Sura hakuna. Mtu aliyeungua vile, Mheshimiwa, hata aliyemzaa hawezi kumjua kwa uso, lakini unapokuwa mle ndani na kijana wa zamu anakwambia fanya haraka wenzio wanasubiri, akili inatafuta kitu chochote cha kushika. Mimi nikaona mkanda, yaani ngozi imeisha kimebaki chuma chake tu, kimechorwa kichwa cha simba. Mkanda wa hivyo nilimnunulia mimi Ngamiani, sikukuu ya Idi. Nikanyoosha kidole nikasema ndiye huyu. Nikasaini, tukapewa.

Tukamzika siku hiyohiyo baada ya alasiri, tukasoma khitma, mkewe akakaa eda.

Siku ya ishirini na tatu wakaja wazee wawili kutoka Muheza, wamevaa kanzu, wanaongea taratibu kama watu wanaoogopa kuvunja kitu. Na wao walimpoteza kijana ajali ileile. Siku ya kumwandaa maiti wao, waliomshughulikia walishika kitu kigumu kwenye muundi wa mguu wa kulia, kama bamba la chuma na misumari yake, wakanyamaza kwa sababu msiba ulikuwa na watu wengi. Baadaye wakamuuliza mama mtu, akasema mwanangu mimi hajawahi kupasuliwa mguu maisha yake yote. Basi wakaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba za waliofiwa kuuliza, kijana wenu alikuwa na chuma mguuni?

Alikuwa nacho. Alianguka na bodaboda, akawekewa chuma. Picha ya eksirei iko nyumbani kwetu mpaka leo, kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, imeandikwa jina lake na tarehe, misumari inaonekana mmoja mmoja unaweza kuihesabu. Mheshimiwa, bahasha ile ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa bajaji kutoka mochwari. Hakuna mtu hata mmoja aliyetuuliza, marehemu aliwahi kuvunjika? Aliwahi kupasuliwa? Swali moja tu. Na mama alikuwa pale nje chini ya mwarobaini kutwa nzima, hakuna aliyekuja kumsugua pamba ndani ya shavu achukue vinasaba, yaani DNA, kazi ya dakika mbili, mama mzazi kabisa, yupo!

Yaliyofuata sitaki kuyaandika yote. Kibali cha mahakama cha kufukua makaburi mawili, sampuli kupelekwa Dar, kusubiri majibu, nauli za kufuatilia, mtaji wangu wa samaki uliishia huko. Cheti cha kifo kikabidi kirekebishwe, mirathi ikasimama, watoto wakarudishwa shule kwa michango. Mama tangu siku ile ya kufukua hali chakula vizuri. Na mimi ndiye niliyenyoosha kidole. Nyumbani hakuna anayenilaumu ila mimi usiku nalala naona chuma kile cha simba, na siku moja nimepita Ngamiani nimekuta mikanda ileile imening'inizwa mingi tu, dukani wanauza kwa dazeni.

Ndiyo nikaanza kuuliza watu na kusoma, maana nilitaka kujua wenzetu wanafanyaje. Kumbe kazi hii ina utaratibu wake wa siku nyingi. Interpol, polisi wa kimataifa, wana mwongozo wa kutambua waliokufa kwenye maafa tangu 1984, na mwongozo wenyewe unasema kutambua kwa macho peke yake hakutoshi, hata mavazi na vitu vya mfukoni ni vya kusaidia tu, sio vya kukatia shauri. Vya kukatia shauri ni vitatu: alama za vidole, meno na vinasaba. Na chuma cha mwilini kama cha mdogo wangu, hasa kikiwa na namba yake, kinasaidia sana. Kuna fomu mbili, ya pinki inajazwa kwa maiti na ya njano inajazwa na watu wanaokaa na ndugu: alikuwa na urefu gani, ana kovu wapi, jino gani limeng'oka, alipasuliwa nini, nani ana picha yake anacheka meno yanaonekana. Halafu kundi la tatu linakaa kulinganisha pinki na njano, na mpaka zikubaliane na wataalamu wasaini, maiti haitoki. Sio mimi dada mtu na machozi yangu ndiyo nisaini.

Ndege ya Ethiopia iliyoanguka Machi 2019 ilikuwa na watu 157 wa nchi 35, mabaki yake wote tumeyaona kwenye televisheni, lakini walikaa pamoja polisi, wataalamu wa meno, wa vidole, wa vinasaba, na ndani ya miezi kama sita wote 157 wakatambuliwa. Mtu atasema zile ni ndege na hela za wazungu. Jamani, hapa kwetu alama za vidole za watu wazima waliojiandikisha, NIDA wa vitambulisho vya taifa wanazo. Na nimeelezwa kwamba moto unakunja ngumi, kwa hiyo wakati mwingine ncha za vidole zinasalimika mle ndani ya kiganja. Mkemia Mkuu wa Serikali anapima vinasaba. Madaktari wa meno wapo. Sheria ya maafa ya mwaka 2022 ipo na kamati zake. Kila kitu kipo, ila kila mmoja yuko kwake, na siku ya ajali ndiyo wanaanza kutafutana kwa simu.

Nadhani shida iko hapo, kila ofisi inamsubiri mwenzake aanze. Siku ile yetu askari alikuwa na orodha yake ya majina, hospitali ina yake, na watu wa kampuni ya gari wana ya kwao, na hazifanani! Mwili mmoja ulikuwa na namba tatu. Hakuna aliyeandika huu ulitoka kiti gani au ulikuwa umelala upande gani wa gari, wasamaria walibeba tu kwa nia njema wakapakia kwenye pikapu. Ukishapoteza pale mwanzo, huku mbele wote tunabahatisha.

Na sio kwamba hatujapata mafunzo, tumepata mpaka basi. Meli ya MV Bukoba ilizama 1996. Meli ya Spice Islander Septemba 2011, sisi wa Tanga wangapi tuna ndugu Pemba, wangapi hawana kaburi la kwenda kusoma fatiha mpaka leo. Lori la mafuta liliwaka moto Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, wengine wakazikwa makaburi ya Kola ndugu wakisubiri vinasaba. Juni 2025 Sabasaba kule Same, basi na kosta, moto tena, vinasaba tena. Kila mara viongozi wanakuja, pole zinatolewa, majeneza yananunuliwa, nashukuru kwa majeneza, ila ndani ya jeneza tunataka awe wetu.

Uliahidi timu, Mheshimiwa. Timu sio kamati ya kukaa na maji ya chupa. Ni watu wanaojuana kwa majina kabla ajali haijatokea: askari wa alama za vidole, daktari wa uchunguzi wa maiti, wa meno, wa eksirei, mtu wa vinasaba, mtunza kumbukumbu mmoja wa orodha moja, na mtu wa ustawi wa jamii wa kukaa na sisi ndugu kwa adabu kwenye kiti, sio kutufokea mlangoni. Na mashehe na wachungaji muwaite humo. Sisi Waislamu tunataka kuzika haraka, ni kweli, na ile haraka ndiyo ilinifanya ninyooshe kidole. Shehe angesimama pale akatuambia kusubiri siku chache upate maiti wako wa kweli hakuna ubaya, tungemsikiliza. Fanyeni mazoezi hata mara mbili kwa mwaka. Hema, mifuko, namba, fomu, viwekwe stoo inayojulikana ufunguo uko kwa nani.

Lakini hayo ya timu najua utasema bajeti. Basi nakuomba hili moja, na nalirudia: wale wa Alhamisi hawajazikwa wote, bado wako mle ndani. Usiwatoe kwa kunyooshewa kidole. Kesho asubuhi weka meza getini, mtu mmoja na daftari, amkalishe kila mama kivulini amuulize, mwanao aliwahi kuvunjika? Meno yake yakoje? Ana picha yoyote ya eksirei nyumbani? Na pamba shavuni kabla mama hajaondoka.

Ukitaka kuona ninachosema, mimi niko soko la samaki la Deep Sea kila siku mpaka adhuhuri, bahasha nitakuja nayo.

Dada wa marehemu,
Tanga