Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Wetu na Kuta za Main Street, Jinja, Uganda

Ndugu wanachama, mama zetu na wazee wetu wa barabara hii, salaam. Hesabu mweka hazina atazisoma mwenyewe, mimi nitakaa kwenye kuta sababu ndizo zimetusumbua mwaka mzima.

Majengo haya tunayajua, Wahindi waliyajenga duka mbele, familia nyuma au juu ghorofani, baraza mbele ili mteja asinyeshewe, na mengine hadi leo yana mwaka wa kujengwa umechorwa pale juu usoni. 1972 Rais Idi Amin akawapa siku 90 waondoke, majengo yakaenda kwa bodi ya serikali, wapangaji wakaingia, na nani atatia hela yake kwa nyumba isiyo yake? Ndo miaka mingi ya paa kuvuja hiyo.

Sasa jambo lenyewe. Msimu wa mvua plasta ya simiti ya mwanachama mmoja ilianguka yote barazani, alfajiri kabla hajafungua, Mungu alitusaidia hakukuwa na mtu. Nilienda kuangalia nikagusa tofali kwa kidole likamomonyoka kama biskuti iliyolowa chai. Lile tofali la zamani lilichomwa kwa kuni, ni laini, linanyonya maji ya mvua alafu jua likiwaka linayatoa, na chokaa iliyolishika inaliacha lipumue, lakini ukilifunika na simiti maji yanabaki ndani yanalila tofali polepole na wewe nje unaona ukuta mzuri unang'aa. Rangi ya mafuta nayo ni hivohivo, kwa hiyo makampuni yakija kuwapakia bure ukuta mzima rangi zao, jamani waulizeni kwanza ni rangi gani, bure hiyo mtailipa.

Jambo la pili ni kupasua ukuta wa mbele kuweka kioo kikubwa. Mimi mwenyewe niliruhusu fundi apasue bila linta ya maana, ile boriti ya kubeba ukuta juu ya uwazi, baada ya miezi ufa ukaanza kwenye kona ya dirisha ukapanda kama ngazi, tofali kwa tofali, mpaka karibu na sakafu ya juu ambako kuna watoto wanalala. Nililala vibaya siku nyingi. Tumeweka nguzo sasa, lakini naomba asipasue mtu yeyote bila injinia kuja kuangalia.

Na milango ile ya mbao ya kukunja msiichome kama kuni, mbao za namna ile hupati tena sokoni.

Mwaka ujao tunanunua chokaa pamoja, kipimo ni chokaa moja mchanga tatu, na ukuta unafunikwa magunia yenye maji siku kadhaa usikaukie jua. Fundi anayeijua kazi hiyo tumempata, mzee sana, amekubali kufundisha vijana wawili. Mwenye kijana anayetaka alete jina kwa katibu kabla mkutano haujaisha.