Lameck, kuhusu kisigino cha mdogo wako

Tukuyu, Jumapili jioni

Kwako Lameck,

Ugonile, ndugu yangu. Ujumbe wako niliusoma jana nikiwa sokoni, nikaona mambo haya hayajibiki kwa mistari miwili ya simu. Pole sana. Mpe pole na mama, najua tangu kijana aanguke na kuvunjika kisigino hajalala.

Umeniuliza mkubali apasuliwe au mkatae. Nitakujibu, ila kwanza ulizeni kama amepigwa picha ya mgongo. Mtu akianguka kutoka juu akatua kwa kisigino, kishindo hupanda mpaka kwenye pingili za kiuno, na wapo waliovunjika mgongo huku kila mtu ameukodolea macho mguu. Mimi nilipodondoka kwenye mparachichi nikavunjika kisigino kama yeye, nilikuwa nalia mguu tu, mpaka daktari aliponigeuza na kunibonyeza kiunoni. Nashukuru mgongo ulikuwa salama.

Unasema leo siku ya tano na hajaingizwa thieta, na mjomba wenu anasema hospitali wamemtelekeza. Shangazi yangu naye alifoka hivyo hivyo wodini, nikajificha uso kwa shuka. Kumbe ngozi ya kisigino upande wa nje ni nyembamba, haina nyama chini yake. Mguu ukiwa umevimba mpaka unang'aa, ukapasuliwa, kidonda kinagoma kufunga na wadudu wanashuka hadi kwenye mfupa. Kwa hiyo wanasubiri uvimbe ushuke hadi ngozi irudishe mikunjo. Daktari wangu alikuwa anapita kila asubuhi, anaminya ngozi kwa vidole viwili, anasema "bado", anaondoka. Siku ya 12 ndiyo alitabasamu. Mguu uwe juu ya mito muda wote. Ila msikae kimya mkidhani kusubiri hakuna mwisho: zikipita kama wiki tatu mfupa unaanza kuunga ulivyokaa, na kuurudisha mahali pake ni kazi ngumu.

Sasa swali lako. Mimi nilidhani mfupa ukivunjika vibaya lazima uwekwe chuma. Daktari akaniambia kwa kisigino hata wao wenyewe wanabishana. Waingereza waliwagawa wagonjwa 151, baadhi wakapasuliwa, wengine wakatibiwa bila kisu, na majibu yakatoka mwaka 2014: baada ya miaka miwili maumivu na uwezo wa kutembea vililingana, ila waliopasuliwa walipata matatizo mengi zaidi, hasa ya vidonda. Nikamuuliza, basi mimi unanipasua ya nini? Akasema wale ambao kisigino kilikuwa kimeharibika umbo kabisa hawakuingizwa kwenye hesabu hiyo. Changu kilikuwa kimebonyea na kupanuka mpaka kinagusa mfupa wa kifundo. Hata kingeunga, nisingepata kiatu cha kuvaa. Akanionyesha kwenye picha ya CT, ile eksirei ya kompyuta inayoonyesha mfupa pande zote, jinsi kile kiungo cha chini ya kifundo kilivyopasuka vipande. Kiungo hicho ndicho kinachoupa mguu uwezo wa kukanyaga mteremko, na huku Rungwe niambie wewe palipo tambarare ni wapi.

Kwa hiyo nendeni mkamuulize daktari wenu: umbo la kisigino limeharibika kiasi gani, na kiungo je? Kama hajapiga CT, muulizeni kama ipo haja, maana eksirei peke yake haionyeshi vipande vimekaaje. Muulizeni pia atapasua kwa mkato mrefu au mdogo. Akisema ahueni itapatikana bila kisu, msione amewadharau.

Na sigara. Najua kijana anavuta, usinifiche. Aache leo, na daktari aambiwe ukweli, kwa sababu sigara inaharibu kidonda cha namna hii kuliko unavyodhani. Kama ana kisukari, aseme vilevile. Huyo mkandaji anayetajwa na mjomba, mkatalieni mjomba kwa heshima, lakini mkatalieni.

Upasuaji wenyewe sina la kusimulia, nililala nikaamka nina chuma na skrubu. Kilichonitesa ni baada ya hapo: wiki 10 bila kukanyaga chini hata kidogo. Masika ya Tukuyu unayajua, mvua haipumziki, uwanja wote tope, na choo chetu ni cha shimo, nje. Kuchuchumaa kwa mguu mmoja usiku, magongo yanateleza! Fundi wa jirani akatoboa kiti cha plastiki tukakiweka juu ya shimo. Fanyeni hilo kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani.

Mimi sasa ni mwaka na nusu. Natembea, ila asubuhi mguu unakaza, na kushuka kilima kunauma kuliko kupanda. Daktari alinionya kwamba maumivu yakizidi huko mbele, kile kiungo kinaweza kuunganishwa kisicheze tena. Bado sijafika huko. Parachichi anachuma kijana wa dada yangu kwa upembo, amesimama chini.

Magongo yangu nampa kondakta wa basi la kesho asubuhi, kayapokee stendi Makambako. Yanarefushwa kwa kile kitufe cha pembeni. Raba ya gongo la kushoto imeisha, nunueni nyingine kabla hajalitumia.

Wako,
Ambakisye