Kabla ya kumpa mama pakiti ya ORS, muulizeni nyumbani wanasemaje

Ndugu Mhariri,

Kila masika yanapoingia, kurasa za gazeti lako hujaa ushauri wa kuchemsha maji na kunawa mikono. Ni ushauri sahihi, uendelee. Lakini si mara chache mtoto anayeletwa kliniki amelegea, macho yameingia ndani na analia bila machozi, anatoka katika nyumba ambayo pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na glukosi (sukari) wa kukoroga kwa maji na kumnywesha anayeharisha, ilikuwemo. Ilinunuliwa, ikakorogwa, ikaachwa juu ya kabati. Kilichomfanya mama aiache ni kile ambacho nyumba nzima inaamini kuhusu kuharisha, na hilo hatulisemi vya kutosha.

Imani iliyoenea zaidi ni kwamba mtoto akinywa, ataendesha zaidi. Mama hakuitoa hewani. Amemnywesha mtoto, na baada ya dakika chache kimetoka choo cha maji. Ukweli ni kwamba tumbo likipokea kitu, utumbo mkubwa husukuma kilichokuwa kimekwisha kukusanyika kule chini. Choo kile si maji aliyonywa sasa hivi, ni maji ambayo mwili ulikwisha kuyapoteza. Lakini asiyeelezwa hivyo atapunguza maji, na atafanya hivyo kwa upendo.

Sisi wahudumu tuna lawama yetu hapa. Tunamkabidhi mama pakiti na kumwambia, "Hii ni dawa ya kuharisha." Dawa ya kuharisha, kwa akili ya mtu yeyote, hufunga choo. ORS haifungi choo. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna njia ambayo glukosi na chumvi hupita pamoja, na zikipita huvuta maji kuingia mwilini. Njia hiyo hubaki wazi hata mtoto akiwa na kipindupindu. Kazi ya ORS ni hiyo tu, kurudisha kinachotoka. Siku ya pili mama anaona choo bado ni maji, anahukumu kwamba dawa imeshindwa, anakwenda duka la dawa kuomba "kitu cha kufunga". Anauziwa metronidazoli, dawa ya kuua vijidudu isiyohitajika hapa, au, vibaya zaidi, loperamidi, dawa ya kufunga choo, ambayo kwa mtoto mdogo inaweza kusimamisha utumbo kabisa. Tungesema tangu mwanzo: "Haya ni maji ya kurudisha anachopoteza. Choo kitaendelea siku kadhaa, kwa kawaida hakipiti wiki. Wewe angalia mkojo na machozi." Mama aliyeambiwa hivyo anajua atazame nini, na haikatii tamaa pakiti.

Kukoroga nako kuna imani yake: kwamba kitu kikali ndicho kinachoponya. Pakiti ya lita moja humiminwa kwenye kikombe kimoja ili "ikolee". Maji hayo yana chumvi kupita kiasi, nayo huyavuta maji ya mwili kuingia utumboni badala ya kuyarudisha. Wengine huongeza sukari ili mtoto apende, na sukari nyingi huzidisha kuharisha kwa njia hiyohiyo, kama zifanyavyo soda na juisi za dukani. Soma pakiti kwanza, maana ziko za lita moja na za nusu lita. Ya lita moja inataka chupa mbili za maji za nusu lita, zilizojaa. Chupa kubwa ya lita moja na nusu siyo. Usigawe unga ili mwingine ubaki wa kesho, kwa sababu chumvi na glukosi hazikai sawasawa ndani ya pakiti. Kilichokorogwa kitumike ndani ya saa 24, kinachobaki kimwagwe. Pakiti ikikosekana kabisa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu, katika lita moja ya maji safi. Ukizidisha chumvi unamdhuru, kwa hiyo ukibahatisha, bora umpe uji mwepesi au maji ya wali na umfuate muuzaji wa pakiti.

Kila baada ya choo, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu kikombe. Aliyezidi hapo, nusu hadi kikombe kizima. Apewe kwa kijiko, kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika 10, kisha rudi polepole zaidi. Kutapika huku ndiko kunakozaa imani nyingine, ya dripu. "Hakuna kinachokaa tumboni, mwekeeni dripu." Mara nyingi kilichomtapisha ni kikombe kizima alichonyweshwa kwa mkupuo.

Imani ya dripu haikuanzia kwa wazazi. Madaktari wengi waliishika kwa muda mrefu. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon nchini India, kipindupindu kilipamba moto na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis na wenzake wakachanganya chumvi na glukosi, wakaweka kwenye mapipa, na ndugu wa wagonjwa wakawa ndio wanaonywesha. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4. Dripu ina mahali pake: kwa mtoto aliyezimia, au asiyeweza kunywa kabisa.

Halafu kuna meno. Kuanzia miezi 6 mtoto huota meno, na umri huohuo huanza uji, hutambaa, hutia mkono wenye mchanga kinywani, huku kinga aliyopewa na mama tumboni ikipungua. Mambo hayo huja kwa pamoja, lakini ufizi ndio unaoonekana, basi meno yanabeba lawama. Anayeamini ni meno husubiri. Anayeamini ni "meno ya plastiki" humpeleka kwa mtu wa kuyachokoa, na kinachong'olewa ni mbegu ya jino la chonge. Mtoto huvuja damu, hupata uambukizo, wengine pepopunda, na kuharisha kunabaki palepale.

Iliyo nzito kuliko zote ni kubemenda. Mtoto anayeharisha muda mrefu na kukonda husemwa amebemendwa: wazazi wamekutana angali ananyonya, au mmoja ametoka nje ya ndoa. Imani hii inamgeuza mtoto kuwa ushahidi dhidi ya mama yake. Mama humfunika kanga, huruka tarehe za kliniki, wengine humwachisha ziwa ghafla wakidhani maziwa yameharibika, na hapo anaondolewa chakula bora kuliko vyote alichobaki nacho. Tunawasihi wahudumu wenzetu msimuulize mama habari hizi mbele ya foleni. Pima uzito, pima mkono kwa utepe (kwa mwenye miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, 11.5 hadi 12.5 ni wa wastani), kisha mkae faragha. Uliza kwa sauti ya kawaida: "Mama, nyumbani mnasema hii ni nini?" Unyamaze umsikilize. Jibu lake ndilo litakalokuonyesha uanzie wapi.

Zinki, vidonge vya madini anavyopewa mtoto pamoja na ORS, nayo huachwa njiani. Kidonge cha miligramu 20 kila siku, nusu kidonge kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Choo kikishakaza siku ya tatu, vilivyobaki huwekwa akiba, kwa kudhani ugonjwa umekwisha. Mwambieni mama kwamba siku zilizobaki zinamkinga na kuharisha kwa miezi miwili mitatu ijayo.

Damu kwenye choo, kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, usingizi usio wa kawaida, au ngozi ya tumbo ukiifinya inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi: hapo ni hospitali saa hiyohiyo, huku akinyweshwa njiani kama anaweza kumeza.

Na pale ambapo mama mkwe au bibi ndiye mwenye kauli juu ya mtoto, aitwe yeye. Mpeni heshima yake, mpeni chupa na pakiti, akoroge kwa mikono yake na kuonja. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, amwage akoroge upya.

Wahudumu wa afya ya mama na mtoto,
Morogoro